Je, amplifaya ya mono ya wati 60 inaweza kugeuzwa kuwa ya stereo?

Swali: "Assalamu alaykum, fundi. Ninaishi Mkomani, Lamu. Madrasa ya mtaani kwetu imebadilisha mitambo yake, na mimi nikauziwa amplifaya yao ya zamani ya mono, wati 60. Nyuma ina skrubu za kufungia waya zilizoandikwa COM, 4, 8, 16, 70V na 100V, na pembeni pana mahali pa kuunganisha betri za volti 24. Nina spika mbili za nyumbani, kila moja ya omu 8. Nataka kusikiliza taarabu na kasida kwa stereo sebuleni, nikicheza kutoka kwenye simu. Jirani amenishauri nikaze pamoja waya wa kushoto na wa kulia niuingize kwenye tundu la AUX, kisha spika nizifunge kwenye 100V kwa sababu ndiko kwenye nguvu. Fundi mmoja naye ameifungua, akaona transista mbili kubwa, akasema anaweza kuigawa iwe chaneli mbili. Nani yuko sahihi? Naogopa kuichoma."

Jibu: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Hofu yako ina msingi, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kufunga waya wowote kwenye hiyo skrubu ya 100V. Kwa ufupi, wote wawili wamekosea. Amplifaya hiyo haigawanyiki ikawa ya stereo, spika zako hazifai kugusana na 70V wala 100V, na nyaya mbili za simu hazifai kukazwa pamoja bila kitu cha kuzitenganisha. Hata hivyo, chombo ulichonunua ni kizima na kina kazi yake, na unaweza kuanza kukitumia kwa usalama kwa gharama ya rezista mbili tu, yaani vipande vidogo vya kupunguza mkondo.

Stereo si wingi wa spika. Nyumba inaweza kuwa na spika kumi na sauti ikabaki mono, ikiwa zote zinasema jambo lile lile kwa wakati ule ule. Stereo ni njia mbili za sauti zinazotofautiana kidogo, tangu kwenye maikrofoni za studio hadi kwenye masikio yako, na zisikutane popote katikati. Masikio yetu hutambua upande sauti inakotokea kwa kupima ni sikio lipi limeipata mapema na ni lipi limeipata kwa nguvu zaidi. Tofauti hiyo ya wakati, hata sauti inapotokea ubavuni kabisa, haizidi sana sehemu saba za elfu kumi za sekunde. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya kurekodi na kucheza sauti kwa njia mbili za aina hii mwaka 1931. Kwa hiyo, ili usikie udi upande mmoja na ngoma upande wa pili, unahitaji njia mbili kamili za kukuza sauti. Amplifaya yako ina njia moja. Mara sauti ya kushoto na ya kulia zinapochanganywa mlangoni, hakuna kifaa mbele ya safari kitakachoweza kuzitenganisha, kama vile maji ya visima viwili yaliyotiwa katika mtungi mmoja.

Sasa kuhusu zile transista mbili, yaani vile vipande vinavyokuza sauti. Ninaelewa kwa nini zilimdanganya macho huyo fundi, kwa kuwa ukizitazama zimekaa mkabala, zinafanana, na kila moja ina nyaya zake. Lakini hizo si chaneli mbili. Sauti ikiwa ndani ya waya ni wimbi linalopanda na kushuka. Transista moja hubeba nusu ya juu ya wimbi, na nyingine hubeba nusu ya chini. Umewaona wapasua mbao wakitumia msumeno wa watu wawili kuandaa mbao za majahazi: huyu anavuta, kisha yule anavuta. Ukimpa kila mmoja gogo lake na kumwambia apasue peke yake kwa msumeno ule, hakuna atakayepasua. Ndivyo ilivyo kwa jozi hiyo ya transista. Ukizitenganisha hutapata chaneli mbili. Utapata nusu wimbi huku na nusu wimbi kule, sauti itakwaruza vibaya, na huenda zote mbili zikaungua katika dakika ya kwanza.

Inawezekana pia kwamba fundi alikuwa na maana nyingine, yaani kung'oa bodi yote ya ndani na kupachika bodi mpya ya chaneli mbili, akibakisha sanduku na transfoma ya umeme. Hilo linawezekana, nami nitalirudia hapa chini, ila si kuigawa amplifaya. Ni kujenga nyingine ndani ya ngozi yake. Kuna pia amplifaya ambazo kwa kweli zina chaneli mbili ndani, zikaunganishwa kwa swichi iliyoandikwa BRIDGE zifanye kazi kama moja. Mwenye hiyo husogeza swichi, akafunga spika upya kama kijitabu kinavyoelekeza, akapata stereo. Yako, kwa alama ulizonitajia, si ya jamii hiyo.

Hapa kwenye 100V naomba tutulie kidogo, kwa sababu ndipo penye hatari. Amplifaya za msikitini na za mikutano hulazimika kupeleka sauti mbali, kwa mfano kutoka chumba cha chini hadi kwenye spika za honi juu ya mnara, na pengine hadi uwanja wa pili. Wati 60 zikipelekwa kwenye spika ya omu 8 zinahitaji volti karibu 22 na mkondo wa ampea 2.7. Wati hizo hizo zikipelekwa kwa volti 100 zinahitaji ampea 0.6 tu. Nguvu inayopotea kwa kupasha waya joto hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo katika waya ule ule upotevu wa njia ya kwanza ni karibu mara 21 ya upotevu wa njia ya pili. Ni hoja ile ile inayofanya umeme wa gridi usafirishwe kwa volti nyingi na kupunguzwa karibu na nyumba. Ndani ya amplifaya kuna transfoma inayopandisha sauti hadi volti 100, na kila honi huwa na transfoma yake ndogo inayoishusha tena.

Spika yako ya nyumbani haina transfoma hiyo. Skrubu ya 100V katika amplifaya ya wati 60 inatarajia kukutana na ukinzani wa takribani omu 167. Ukiifungia omu 8, kwa sauti ya juu kabisa itakuwa kana kwamba unaidai wati 1,250, na spika mbili kwa pamoja zitaidai mara mbili ya hizo. Haina. Itajaribu, itapata moto, na fyuzi isipokatika mapema, transista zitakufa. Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba kwa sauti ya chini mpangilio huo mbaya huonekana unafanya kazi, tena kwa nguvu. Mtu anasema "si inalia?", kisha siku ya harusi anaongeza sauti, na hapo ndipo moshi unapotoka. Zile namba hazipangi nguvu kutoka ndogo kwenda kubwa. Zote zinatoa wati zile zile 60, na kila moja inakuambia ni mzigo gani unaoifaa.

Shauri la kukaza waya wa kushoto na wa kulia pamoja lina kosa dogo zaidi, na tiba yake ni rahisi. Ndani ya simu kuna vikuza sauti viwili vidogo, kimoja kwa kila upande, na kila kimoja kimetengenezwa kisukume mkondo bila kipingamizi kikubwa. Ukivikaza pamoja, wakati wimbo unataka volteji hii kushoto na nyingine kulia, vitavutana, kila kimoja kikijaribu kumlazimisha mwenzake. Sauti inaweza kukwaruza, na kifaa kidogo cha ndani ya simu kinachoka bure. Dawa ni rezista mbili za omu 1,000, robo wati kila moja. Waya wa kushoto upitie rezista yake, wa kulia upitie yake, ncha za mbali za rezista ziunganishwe kwenye kitovu cha plagi ya AUX, na waya wa ardhi wa kebo uende kwenye ganda la plagi. Hapo sauti huchanganyika kwa amani. Fundi yeyote anayejua kulehemu atakutengenezea kebo hiyo kwa muda wa kunywa kahawa. Usiingize simu kwenye tundu la maikrofoni, kwa kuwa tundu hilo limezoea sauti dhaifu mno ya sehemu za elfu za volti, nawe utasikia mkwaruzo mtupu.

Upande wa spika, una njia mbili salama. Ukizifunga sambamba, yaani waya chanya za spika zote pamoja na hasi zote pamoja, omu 8 mbili zinakuwa 4, basi utatumia COM (skrubu ya pamoja, inayotumika na namba yoyote utakayochagua) na 4. Ukizifunga kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, zinakuwa 16, basi utatumia COM na 16. Mimi napendelea sambamba, kwa kuwa spika moja ikikatika nyingine inaendelea kulia. Hakikisha alama nyekundu na nyeusi zimefuatana sawa katika spika zote mbili, kwani moja ikigeuzwa, inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na besi inapotea chumbani.

Utaniuliza kama huo si mono bado. Ndiyo, ni mono. Lakini jiulize kwanza unachosikiliza. Rekodi za stereo zilianza kuuzwa kwa wingi kwenye sahani za santuri mwaka 1958. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alirekodi Bombay mwaka 1928; kila alichokiimba huko ni cha njia moja, na hakuna amplifaya duniani itakayokifanya kuwa cha njia mbili bila kubuni kitu ambacho hakikuwapo. Kasida iliyorekodiwa kwa maikrofoni moja, au kwa simu iliyowekwa mbele ya wasomaji, nayo iko hivyo. Vaa spika za masikioni, sikiliza nyimbo kumi unazozipenda zaidi, na uchunguze kama sikio la kushoto linasikia kitu ambacho la kulia halisikii. Kwa mpenzi wa taarabu ya kale, naamini hesabu hiyo itapunguza sana haja ya kutumia fedha. Kwa mwenye rekodi mpya za studio, tofauti ni ya kweli na inastahili kutafutwa.

Ukiamua kuitafuta, njia iliyo karibu na ombi lako ni kupata amplifaya ya pili inayofanana kabisa na hiyo, moja ichukue kushoto na nyingine kulia, bila rezista za kuchanganya. Hivyo ndivyo mono mbili zinavyozaa stereo, na kuna wapenzi wa muziki wanaonunua mono mbili kwa makusudi ili njia zisigusane hata kwenye umeme. Iwapo si pacha halisi, mambo mawili yatakusumbua. Kwanza, kiwango cha kukuza kitatofautiana, hivyo itabidi usawazishe kwa kucheza mlio mmoja wa hezi 100 (mitetemo mia kwa sekunde) na kupima volti za AC (umeme wa kupanda na kushuka) kwenye kila spika kwa mita. Pili, amplifaya moja inaweza kuwa inageuza wimbi juu chini na nyingine haigeuzi. Cheza wimbo wa mono wenye besi, geuza waya wa spika moja, na ubakize mpangilio ambao besi ni nzito na mwimbaji anasimama katikati. Zote mbili zichomekwe kwenye soketi ya ukuta mmoja ili kupunguza mvumo. Mvumo ukibaki, usikate waya wa ardhi kama wafanyavyo wengine. Waya huo ndio unaolinda mwili wako siku umeme wa volti 240 utakapogusa sanduku la chuma.

Lakini lazima nikuambie ukweli kuhusu njia hiyo. Amplifaya za aina hiyo zilitengenezwa kwa ajili ya maneno, na maneno yanaeleweka vizuri hata yakibanwa kati ya hezi 300 na 3,400, kama simu za zamani zilivyokuwa. Ile transfoma ya kutolea sauti ndiyo inayobana. Kwa volteji ile ile, sauti ya hezi 40 hudai chuma cha transfoma kibebe usumaku mara mbili ya ule wa hezi 80. Chuma kikijaa, wimbi linavunjika. Watengenezaji, ili kupunguza uzito na bei, huweka chuma kidogo na kuichuja besi kabla haijafika huko. Kwa sababu hiyo hiyo nisingekushauri uifanye amplifaya ya besi pekee, ingawa wazo hilo huwajia wengi. Mbili pacha zitakupa stereo halisi, ila stereo yenye kimo kifupi cha besi.

Njia nyingine ni ile ya kubadilisha bodi ya ndani. Siku hizi kuna bodi ndogo za chaneli mbili zinazotumia chipu kama TPA3116, ambazo hufanya kazi kwa umeme wa DC (wa mwelekeo mmoja, kama wa betri) hadi volti 26, na kwa sababu amplifaya yako inakubali betri za volti 24, mtu hudhani umeme wa ndani utafaa moja kwa moja. Usidhani, ipimwe. Transfoma ikitoa volti 24 za AC, baada ya kunyooshwa kuwa DC na kujazwa kwenye kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) bila mzigo hufika volti 33 au zaidi, nazo zinatosha kuiua chipu hiyo mara ya kwanza unapowasha. Tena, katika bodi hizo waya mweusi wa spika si ardhi, kwa hiyo weusi wawili wasiunganishwe pamoja wala wasiguse sanduku. Na wati haziongezeki kwa kugawa. Transfoma ya amplifaya ya wati 60 italisha wati 30 kila upande, si zaidi.

Wati 30 zinatosha, nakuhakikishia. Katika sebule, usikilizaji wa kawaida hutumia wati moja au mbili, na kilicho juu ya hapo ni akiba ya mapigo ya ngoma. Kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huiona ni ndogo.

Mimi nisingeing'oa bodi yake. Amplifaya nzima ya volti 100, inayokubali betri umeme unapokatika, ni mali ya mtaa. Siku ya Maulidi, au ya hitima, au mkutano wa wazazi uwanjani, watu wataitafuta na haitapatikana nyingine kwa haraka. Ninayoyaona yakufae ni haya: itumie sasa kwa mono kwa kebo ya rezista, na fedha ambazo ungemlipa fundi kwa kuivunja uziweke akiba, ununue amplifaya ndogo ya stereo iliyokamilika, yenye adapta yake, kwa ajili ya spika zako. Ile kubwa utaipumzisha kabatini ikisubiri kazi iliyoumbiwa.

Kuna jambo moja la nyumba za Lamu ambalo litakupa zaidi kuliko chipu yoyote. Kama sebule yako ni ya nyumba ya mawe ya kale, ni ndefu na nyembamba, kwa sababu upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko, nao mara nyingi haufiki mita tatu. Weka spika kwenye ukuta mrefu, si mfupi, ziachane mita 2, nawe ukae upande wa pili, takribani mita 1.7 kutoka kwenye mstari wa spika, ili wewe na spika mtengeneze pembetatu ya pande sawa. Usizitie ndani ya kidaka, kwani kidaka huzifanya zivume kama mtungi. Kuta za chokaa ni ngumu na hurudisha mwangwi. Zulia sakafuni, mito, na pazia nzito nyuma yako vitaufanya uimbaji ueleweke neno kwa neno.

Mwisho ni usalama. Kufunga spika nyuma na kuchomeka kebo ya AUX unaweza kufanya mwenyewe, plagi ikiwa imetolewa ukutani. Kufungua kifuniko usifanye. Kapasita za ndani hubaki na chaji hata baada ya umeme kukatwa. Hewa ya chumvi ya kwetu pwani hula miguu ya vifaa na kuweka kutu ya kijani kwenye maungio, kwa hiyo amplifaya iliyokaa miaka madrasani ingefaa ikaguliwe kabla ya kuachwa ikiwaka sebuleni. Mpelekee fundi aliye na mita na taa ya mfululizo, ile balbu ya kizamani inayofungwa njiani kati ya umeme na mashine ili ikiwa kuna hitilafu balbu iwake badala ya mashine kuungua. Mpelekee bila kuchelewa ukisikia mvumo hata sauti ikiwa sifuri, ukinusa harufu ya kuungua, ukihisi mtetemo wa umeme ukigusa sanduku, au ikiwa swichi kuu ya nyumba inakatika kila unapoiwasha. Mwambie apime ardhi ya plagi, aangalie kapasita kubwa kama vichwa vyake vimevimba, asafishe vitufe vya sauti kwa dawa ya kusafishia, na akuandikie kwenye karatasi volti za DC alizozikuta kwenye umeme wa ndani. Karatasi hiyo ihifadhi. Ukiniandikia tena ukiwa na namba hizo, nitaweza kukuambia ni bodi ipi ingefaa na ipi ingeungua.